Indiketa ya Mwalimu

Walimwita Mita kwa sababu ya kile kifaa cha kupimia umeme alichokuwa akikining'iniza shingoni kutwa nzima, hata wakati wa kula. Alikuwa fundi umeme wa magari, umri miaka hamsini na miwili, mrefu, mabega mapana, maneno machache. Jirani yake, muuza matairi aliyeitwa Upepo, alikuwa akiwatania wateja kwamba Mita haongei na binadamu, anaongea na betri tu, tena betri yenyewe iwe imejaa chaji.

Watu walimwogopa kidogo bila kujua kwa nini. Wachache waliojua hawakusema. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, shemeji yake alimpiga dada yake mbele ya watoto. Mita alikwenda pale mchana, hakubisha hodi, akamburuta shemeji mpaka barabarani na kumpiga kwa wenzo wa jeki hadi taya likavunjika mara mbili na jicho moja likaharibika. Watu watatu walimshika na bado mkono wake ulikuwa unatafuta njia. Alihukumiwa miaka saba. Dada aliyempigania hakwenda kumwona gerezani hata mara moja. Alibaki nyumbani kumuuguza mumewe.

Gerezani ndiko alikojifunza waya, kwa mfungwa mzee aliyekuwa fundi wa malori huko nje. Alipotoka alimwoa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, ambaye Mita alimwambia habari zake zote kabla ya kumposa. Walipanga vyumba viwili vilivyoshikana kando ya barabara, vyenye mlango mmoja wa chuma wa kutokea nje, kimoja cha nyaya na kimoja cha vitambaa, na mlango wa katikati haukufungwa kamwe. Hawakujaliwa mtoto. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mita hakumnyanyulia mtu mkono. Hata hivyo, chini ya meza yake ya kazi kulikuwa na kipande cha nondo. Mkewe alikiona kila alipofagia, akakifagilia pembeni.

Wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, Mwalimu alimletea gari lake jeupe. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alilalamika kwamba indiketa zinawaka zinapotaka. Leo ni nzima, kesho zimekufa, keshokutwa zimefufuka. Mita alifungua dashibodi na hakukawia kuuona ugonjwa. Katika gari lile, umeme wa indiketa hupita kwanza ndani ya kitufe cha hazadi, kile chekundu kinachowasha taa zote nne gari likikwama njiani. Vibati vya ndani ya kitufe vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi. Dawa yake ilikuwa kukibadilisha. Mita aliulizia maduka mawili, hakukipata. Basi akavisugua kwa msasa laini, akakirudisha, akajaribu kulia na kushoto, taa zikawaka.

Alijua kazi ile haitadumu. Alitaka kumwambia Mwalimu asiliendeshe gari mpaka kitufe kipya kipatikane. Lakini Mwalimu alikuwa na haraka ya kumpeleka mkewe kliniki, na Mita naye hakuwa mtu wa kuanza maelezo marefu. Akasema neno jepesi kuliko lile alilolikusudia. Alisema, "Itakupeleka, Mwalimu."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, walisikia honi nyingi kwa pamoja. Pikipiki kama kumi na tano ziliibuka kwenye kona zikiwa zimelizunguka gari la Mwalimu, lililokuwa likivutwa kwa kamba. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, ubavu wa kulia umebonyea, na kwenye mlango kulikuwa na mburuzo wa damu ulioshuka hadi kwenye gurudumu. Walimtoa Mwalimu kiti cha nyuma kwa kumvuta miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti cha mlango, kisha lami. Mdomo ulikuwa umechanika mpaka karibu na pua, na shati lake lilikuwa jekundu kifua kizima. Mmoja alimkanyaga kiganja. Mwingine alimpiga teke la ubavu, na Mita akasikia mlio ambao hakuwa ameusikia tangu ujana wake, mlio mkavu wa mfupa wa mtu.

Aliyewaongoza walimwita Katibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa chama chao cha waendesha pikipiki. Alikuwa mtu anayeheshimika, mpatanishi wa ugomvi wa wenzake, na Mita alikuwa amewahi kumtengenezea taa. Asubuhi ile macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza kwa sauti ya chini, maneno yakikatika. Mdogo wake alikuwa akilipita gari la Mwalimu, na Mwalimu akakata kulia ghafla bila kuonyesha ishara yoyote. Mdogo wake aliingia mlangoni, akaruka juu ya paa, akaanguka upande wa pili. Walikuwa wamempeleka hospitali kwenye gari la msamaria, hajitambui. Mwalimu alikuwa akiapa kwamba aliwasha indiketa, na akapiga kelele kwamba wamuulize fundi wake. Ndiyo maana alikuwa bado hai.

"Fundi, wewe nakujua, huna porojo," Katibu alisema. "Nipimie hiyo indiketa mbele ya hawa wote. Nataka ukweli kabla sijafanya ninachotaka kukifanya."

Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe tayari anao ushahidi. Njia nzima, gari likivutwa naye akiwa ameshika usukani, alikuwa akibonyeza kitufe cha hazadi, akiwasha na kuzima, ili wenzake wajionee kuwa taa zote nne ni nzima.

Mita aliingia kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa kimelowa damu. Aligeuza ufunguo, akausukuma mkono wa indiketa upande wa kulia, na taa zikaanza kumetameta mbele na nyuma, tiki-taka, tiki-taka, kama gari limetoka kiwandani jana. Akajaribu kushoto. Zikawaka. Waliosimama nyuma ya gari wakapiga ukelele, na wale waliokuwa wamemshikilia Mwalimu hawakungoja jingine. Mmoja alimpiga helmeti usoni kwa mikono miwili, kama mtu anayepasua kuni. Mwalimu hakulia. Alitoa sauti ndogo ya mshangao, akajishika jicho, na kitu kikachuruzika kati ya vidole vyake.

Nisiseme uongo kwa niaba ya Mita. Mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba kitu cha kwanza alichokihisi pale kwenye kiti kilikuwa nafuu. Taa zilikuwa zimewaka. Kazi yake ilikuwa nzima, na ubaya wote ulikuwa wa Mwalimu. Nafuu hiyo ilidumu kwa pumzi mbili hivi. Kisha akakumbuka maneno ya Katibu, kwamba amekibonyeza kitufe njia nzima. Kila alipokibonyeza, vibati vya ndani vilisuguana, na vilivyosuguana vikang'aa. Katibu, bila kujua, alikuwa ameitengeneza ile indiketa akidhani anaipima.

Hakuna mwingine pale ambaye angeweza kulijua hilo. Mita alitazama mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama na futi ya kupimia nguo shingoni, ameziba mdomo kwa kiganja. Alimwomba kwa macho aingie ndani.

Simu ya Katibu ikaita. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akaishusha. Akakaa juu ya boneti taratibu kama mzee. Aliyekuwa karibu naye alimsoma usoni na kuwaambia wenzake kwamba mdogo wa Katibu amekata roho.

Hapo kila kitu kilikwenda haraka. Walimvua Mwalimu mkanda na kumfunga mikono kwa nyuma. Mmoja alichomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake akaanza kujaza chupa, bila pupa, kama anayekinga maji bombani. Mwingine alilibingirisha tairi bovu kutoka kwenye rundo la Upepo. Upepo aliinua mikono akiomba, wakampiga kofi lililomketisha chini. Waliomwagiwa petroli kidogo viatuni waliruka pembeni, na mmoja wao akacheka.

Mita alishuka garini, akachukua nyundo mezani na kuipiga mara moja juu ya bati la mlango. Waligeuka.

"Sijamaliza kupima," alisema.

Alirudi kwenye dashibodi, akachokonoa kile kitufe kwa bisibisi na kukitoa nje kikiwa bado kwenye nyaya zake. Akasukuma mkono wa indiketa kulia. Taa zikawaka. Kisha akakigonga kitufe kidogo kwa mpini wa bisibisi, kwa nguvu ya gurudumu likipita shimo. Taa zikazimika. Akakigonga tena, zikarudi. Akakigonga mara ya tatu, zikafa zisirudi, ingawa mkono ulikuwa bado upande wa kulia na ufunguo bado umegeuzwa. Akabonyeza hazadi: zote nne zikametameta vizuri kabisa.

Alimwita Katibu aje aone kwa macho yake. Akachomoa kitufe, akaweka ncha mbili za mita kwenye miguu yake ya chuma. Kifaa kilipiga kelele nyembamba, maana yake umeme unapita. Akakitikisa. Kifaa kikanyamaza. Akamweleza kwamba hazadi ina njia yake ya moja kwa moja kutoka kwenye betri, indiketa ina njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayokatika humu ndani. Hazadi inaweza kuwaka mwaka mzima huku indiketa imekufa. Mwalimu angeweza kuwa ameusukuma mkono vizuri kabisa, barabarani mtu asione chochote.

Katibu alikuwa mtu wa vyombo vya moto, alielewa. Alikigeuza kile kitufe kwenye kiganja cha Mita.

"Nani alikishika mara ya mwisho?"

"Mimi."

"Ulijua ni kibovu?"

"Nilijua hakitadumu," Mita alisema. "Sikumwambia."

Mkewe anasema aliliona jibu lile likiingia mwilini mwa Katibu kama maji yanavyoingia ardhini. Hakupandisha sauti. Aliichukua ile nyundo, wenzake wawili wakamwingiza Mita chumbani kwake, wakaushika mkono wake wa kulia na kuulaza juu ya meza kati ya nyaya na vibakuli vya skrubu, na Katibu akaupiga. Alipiga mara nne. Mara ya kwanza Mita aliona weupe tu. Mara ya pili alisikia vidole vikiachana. Alisema baadaye kwamba hakujaribu kuutoa mkono. Alikuwa na nguvu za kuwaangusha wale wawili, na alijua hivyo, lakini aliona kama ule mkono si wake tena kuutetea.

Walimwangusha wakaendelea kwa miguu, kwa helmeti, kwa mnyororo wa pikipiki. Mnyororo ulimfungua kisogo. Alijikunja akayaacha mapigo yashuke mgongoni.

Mkewe hakuwa na deni lolote na Katibu. Alitoka chumba cha pili na pasi yake ya umeme, waya ukiburuzika nyuma, na kumbandika nayo shingoni wa kwanza aliyemkuta. Harufu ya ngozi ilijaa chumba. Yule mtu alilia kama mtoto. Mwenzake akamshika mke wa Mita nywele, akampigiza uso ukutani, na meno mawili yakadondoka sakafuni.

Mita aliyaona yale meno. Hakumbuki kuitafuta nondo. Anakumbuka tu kwamba ilikuwa mkononi, mkono wa kushoto. Alimpiga yule mtu begani na mfupa ukakatika, akainua tena amlenge kichwani, na bila shaka angemuua, kwa sababu ule uzito aliujua na alikuwa na hamu nao. Ndivyo anavyosema mwenyewe: alikuwa na hamu nao. Mkewe, damu ikimtoka mdomoni, alimkumbatia magoti akamwangusha. Nondo ikapiga sakafu. Wengine walikuwa wameshaikimbia nondo hiyo na kutoka nje.

Upepo ndiye aliyewaokoa. Alijitupa mlangoni, akaushusha mlango wa chuma na kuufunga kwa kufuli kwa nje, Mita na mkewe wakiwa ndani na yule majeruhi wa bega. Nje mlango ulianza kutwangwa kwa mawe. Wakasikia petroli ikimwagwa, wakaiona ikipenya chini ya mlango na kutandaa kuelekea mashine ya cherehani. Mita alivua shati na kuziba upenyo kwa mkono mmoja. Yule wa bega lililovunjika, aliyekuwa amekuja kuua, sasa alikuwa akiwapigia wenzake kelele kwamba na yeye yumo. Hawakumsikia. Au walimsikia.

Huko nje, simu ya Katibu iliita tena. Upepo, aliyekuwa amebanwa shingo ukutani, aliyasikia yote. Aliyepiga alikuwa mama yake Katibu. Alikuwa amefika hospitali peke yake, ameonyeshwa maiti chini ya shuka, na alikuwa anauliza Katibu yuko wapi. Mama aliuliza tena, akataka kujua zile kelele ni za nini. Katibu alikitazama kiberiti mkononi mwa mwenzake, akakichukua, akakitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Basi," aliwaambia. "Mama ananiita."

Aliwasha pikipiki na kuondoka. Wengine walibaki wamesimama kidogo kama watu walioamshwa vibaya, kisha wakamfuata mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa bado amelala kando ya tairi, mikono nyuma, akinuka petroli, akiomba radhi kwa mtu yeyote aliyepita.

Mwalimu alipoteza jicho na usikivu wa sikio moja. Mke wa Mita alilala hospitali wiki nzima akaweka meno ya bandia, ambayo huyatoa anapotaka kuwachekesha wateja wake. Mkono wa Mita uliungwa mara mbili. Kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi. Vitatu vilivyobaki vimekaa tu. Mahakamani alikubali kosa la uzembe bila wakili na kupewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Kuhusu bega, hakimu alisema alikuwa akimlinda mkewe. Katibu na wenzake wanne walifungwa miezi sita. Hukumu ya Katibu iliposomwa, Mita alitaka kusimama aseme kitu, mkewe akamkalisha.

Alirudi kazini. Mkewe sasa hufunga cherehani saa za mchana na kuwa mkono wake wa kulia. Anazijua nyaya kwa rangi kuliko wengi waliosomea. Gari likija na indiketa mbovu, Mita humsimamisha mwenye gari nyuma yake na kumtaka ataje kila taa, wakati mkewe akigongagonga dashibodi kwa ngumi. Kitufe kibovu kikikosa mbadala, ufunguo haurudishwi. Wateja wengine wamemtukana kwa hilo. Mmoja alimkaba shati. Mita alisimama tu mpaka yule mtu akachoka.

Kilichomsumbua Mita ni mama wa marehemu. Alikwenda kwake mara ya kwanza, mlango haukufunguliwa. Mara ya pili ulifunguliwa, na mama, mwanamke mkavu mwenye sauti ya chini, akamwacha amesimama uani huku akimalizia kuosha vyombo.

"Wewe ndiye wa kitufe," alisema bila kugeuka.

"Ndiye mimi, mama."

Alisuuza sufuria, akaifudikiza. Hakumlaani wala hakumkaribisha. Alimuuliza jambo moja, kama mwanawe aliumia kwa muda mrefu. Mita alijibu kwamba hajui, hakuwapo pale. Aliyekuwapo ni Mwalimu.

"Basi niletee huyo Mwalimu."

Ilimchukua Mita mwezi mzima kumshawishi. Mwalimu hakuwa akitoka nje tena; alikuwa akiishikilia meza kila pikipiki ilipopita. Walipokwenda hatimaye, ilikuwa mchana, na Katibu alikuwa ametoka gerezani siku tisa tu. Walimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, amekonda. Alisogeza miguu wapite.

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kiti akaeleza. Kumbe alikuwa ameshuka garini mara tu lilipogonga, akampakata yule kijana kichwa mapajani, hapo hapo katikati ya lami, magari yakiwakwepa. Kijana aliuliza kama pikipiki imeharibika sana. Mwalimu alimdanganya kwamba haijaharibika. Kisha kijana alilalamika kwamba pumzi haiji, na Mwalimu akamwambia wahesabu pamoja, kila pumzi namba yake. Alikuwa akihesabu kwa utii, macho yameelekea juu. Walifika thelathini na moja. Hapo ndipo wenzake walipofika, wakamnyang'anya kijana na kuanza kumpiga yeye Mwalimu.

"Alikuwa analia?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Alikuwa anahesabu."

Katibu alinyanyuka kwenye ngazi, akatoka mpaka nje ya ua, akasimama akiwa amewapa mgongo, kiganja kimoja ukutani. Mita alikuwa akiutazama mkono wake uliokaa gotini. Mama alivuta kigoda karibu na upande wa lile sikio zima la Mwalimu, akamwambia arudie tangu mwanzo, polepole, asiruke kitu. Mwalimu akarudia.